Mirihi Katika Duka la Simu Kutus

Safari zangu za Kutus ni za mchele, si za nyota. Wengi wetu hapa Mombasa hupika biriani ya pishori kila Ijumaa pasi na kukumbuka kwamba mpunga wake ulisimama katika majaruba ya Mwea, mwendo mfupi kutoka mji ule mdogo wa Kirinyaga. Mara yangu ya mwisho mvua ilininasa huko siku tatu. Usiku mmoja baada ya Isha nikafuatana na mwenyeji wangu, mjomba wangu wa Kisauni aliyehamia bara miaka mingi, kwenda kwa fundi wa simu. Tukawakuta vijana watano wameinamia kioo kimoja. Nilidhani ni mpira. Kumbe ni jangwa, jekundu, lina mawe na alama za magurudumu.

"Hapa ni wapi, Mandera?" nikauliza.

"Hapana, mzee. Hii ni Mirihi," akajibu fundi. "Imepigwa juzi."

Sisi watu wa Pwani tumezoea kudhani kwamba mambo ya anga ni urithi wetu. Manahodha wetu walizijua nyota kwa majina, na elimu ya falaki ilisomwa barazani kabla ya reli kufika Nairobi. Vijana wa Kutus hawana bahari wala darubini. Wana simu na bando la shilingi chache. Lakini habari za kile kigari wanazo kama vile mtu wa Lamu alivyo na habari za jahazi la jirani yake: kiko wapi leo, jana kilikwenda mita ngapi, kimesimama mbele ya jiwe gani na kwa nini.

Kigari chenyewe chaitwa Perseverance. Kina magurudumu sita, uzito wake ni kama tani moja, na kilitua tarehe 18 Februari 2021 katika shimo kubwa liitwalo Jezero, mahali palipokuwa na ziwa zama za kale. Mwenzake, Curiosity, alitua Agosti 2012 katika shimo la Gale. Picha wanazopiga hupokewa na vyombo vinavyoizunguka Mirihi, vikazirusha kwenye masufuria makubwa ya redio yaliyoko California, Hispania na Australia. Kutoka huko hadi huku ishara huchukua kati ya dakika tatu na 22, kwa kadiri ya umbali wa sayari zetu wakati huo.

Jambo lenye uzito kwangu ni kwamba picha hizo zinatolewa mbichi, kwa kila mtu, karibu wakati ule ule zinapofika kwa wataalamu. Desturi hii ilishika mizizi 2004, vigari vya Spirit na Opportunity vilipotua. Kwa hiyo fundi wa Kutus anaweza kuliona jiwe la Mirihi siku moja na profesa wa Marekani, wala haombi ruhusa kwa mtu. Wapo waliofika mbali kwa mlango huu. Doug Ellison, Mwingereza aliyeanza kama mpenzi tu wa picha hizo, baadaye aliajiriwa na JPL, maabara ya California inayoviendesha vigari hivyo. Na Perseverance ilipotua, mafundi wake walificha maneno katika michoro ya mwavuli ulioiteremsha. Wapenzi wa picha walikifumbua kitendawili hicho kwa masaa machache.

Wale vijana wa Kutus nao si watazamaji tu. Fundi hushona picha kumi au kumi na tano zikawa mandhari moja pana, na huchukua picha ya jicho la kulia na la kushoto la kigari akapata kina cha bonde. Ugomvi wao mkubwa ni rangi. Picha nyingi hurekebishwa ili mawe yaonekane kama yangeonekana chini ya jua letu, jambo linalomsaidia mwanajiolojia lakini si ukweli wa jicho la mtu aliyesimama huko. Mchana mbingu ya Mirihi ina rangi ya vumbi, na jua likitua pembezoni mwake huwa samawati, kinyume cha magharibi yetu. Kijana mmoja alishikilia kwamba kurekebisha rangi ni kusema uongo. Fundi akatoka nje na tochi, akarudi na bonge la udongo wa pale Kutus, mwekundu, akaliweka chini ya taa ya duka halafu chini ya taa ya simu. Rangi mbili. Wekundu wa udongo ule na wa Mirihi sababu yake ni moja, chuma kilichoshika kutu. (Jina la mji halina udugu na neno hilo, lakini mjomba alilicheka sana.)

Somo hilo la bonge la udongo lina faida kuliko mtu anavyofikiri. Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima kilichofanana na uso wa binadamu, na vitabu vikauzwa kwa uso huo miaka zaidi ya ishirini, mpaka kamera bora zaidi zikaonyesha kilima kitupu. Mei 2022 Curiosity ilipiga picha ya ufa katika mwamba, nao ukazunguka dunia nzima kama "mlango wa Mirihi". Mimi mwenyewe nililetewa picha ile katika simu na mtu wa msikitini kwetu, mtu mzima na akili zake, nami nikawapelekea wengine. Vijana wa Kutus walinionyesha picha nzima ulimotolewa ule mlango. Kimo chake hakifiki hata nusu mita. Niliona haya, kwa kweli.

Usiku ule walikuwa na huzuni. Julai 2024 Perseverance ilikuta katika bonde la mto wa kale jiwe lenye madoadoa kama ya chui, likapewa jina la Cheyava Falls, nayo ikatoboa na kuweka kipande katika kichupa cha madini ya titani. Septemba 2025 wanasayansi walitangaza kwamba madoa yale yanaweza kuwa alama ya vijidudu vilivyoishi zamani mno, ingawa yanaweza pia kuwa kazi ya kemia tupu. Jibu la yakini litapatikana kichupa kikiletwa kwenye maabara za duniani. Lakini gharama ya kukileta pamoja na wenzake ilikadiriwa kufika dola bilioni 11. Mei 2025 serikali ya Marekani ikapendekeza mradi ufutwe, na Januari 2026 Bunge lao likapitisha bajeti isiyouendeleza kama ulivyokuwa. China nayo imetangaza kwamba inakusudia kurusha chombo chake cha kuchukua mawe karibu na 2028.

Hapa ndipo uhuru wa picha unapofika mwisho wake. Kutazama tumepewa, kuamua hatukupewa. Fundi anaweza kuhesabu kila punje ya jiwe lile, lakini kama litaletwa au litabaki huko ni shauri la watu ambao hatawaona maishani. Sisemi kwamba Wamarekani wametudhulumu. Fedha ni zao. Nasema kwamba mtu anayeishi kwa picha za wenzake huishi pia kwa bajeti za wenzake.

Nilikuwa nataka kuyasema hayo kwa sauti ya mzee mwenye hekima, fundi akaniwahi kwa swali. "Nyinyi wa Pwani mlikuwa na mahali penu pa kurushia. Malindi. Wewe umepaona?"

Sijapaona. Najua, kama mnavyojua, kwamba Waitaliano walijenga majukwaa baharini karibu na Ngomeni, na kwamba tangu 1967 mpaka 1988 yalirushwa maroketi kutoka pale. Kijana huyu wa mlimani ndiye aliyenieleza mengine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wetu, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Kimarekani ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksrei angani, nayo kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya wanafalaki ulimwengu mzima, nami nalisikia kwa mara ya kwanza Kutus, mvua ikipiga bati!

Mjomba, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza kama kuna Waislamu katika jambo hili. Wapo. Chombo cha Imarati kiitwacho Al-Amal kilifika Mirihi tarehe 9 Februari 2021, siku tisa kabla ya Perseverance kutua, na data zake zimetolewa bure kwa watu wote. Isitoshe, bonde moja kubwa la Mirihi limepewa jina la Al-Qahira, jina la zamani la sayari hiyo kwa Kiarabu. Mjomba akaridhika, kisha akauliza habari za mwezi. Akaambiwa Mirihi ina miezi miwili, na mmoja, Phobos, huzunguka kwa masaa yasiyofika manane, ukachomoza magharibi.

"Basi tusihamie huko," akasema. "Huu mmoja tu kila mwaka tunagombana."

Kesho yake mvua ilikatika nikapakia magunia yangu. Fundi alinitoza nusu ya bei kwa simu ya mjomba, akaomba kitu kimoja tu: nikipita Malindi nifike Ngomeni, nimpigie picha ya bahari ya pale, na nimpelekee mbichi, bila ya kurekebisha rangi. Bado sijaenda.