Ajali Ina Kinga: Lugha, Cheti na Usalama wa Wajenzi Sotik

Miongoni mwa methali zinazotumiwa visivyo katika Afrika Mashariki, ni vigumu kupata inayoipiku ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Fundi akianguka kutoka juu ya jukwaa lililofungwa kwa kamba na misumari iliyopinda, methali hiyo humfikia kabla ya machela. Mwenye nyumba huitamka ili kujiliwaza, nyapara huitamka ili kujivua lawama, nao wenzake majeruhi huitamka kwa kuwa hawana jingine la kusema. Ilhali wahenga hao hao walinena pia kwamba tahadhari kabla ya hatari, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Makala haya yanashikilia kuwa ajali nyingi za mjengo zina kinga. Kwamba kinga hiyo huanza na neno linaloeleweka. Na kwamba cheti cha usalama ambacho hakikufunzwa wala kutahiniwa kwa lugha ya mjengo hakimkingi fundi, wala hakimkingi mwajiri wake.

Mji wa Sotik, katika Kaunti ya Bomet, unaifafanua hoja hii barabara. Huu ni mji wa ukanda wa majani chai, na kama ilivyo miji mingi ya ukanda huo, fedha ya chai na maziwa hugeuka upesi kuwa mawe, saruji na mabati. Mkulima aliyepokea bonasi huongeza chumba, mfanyabiashara huongeza ghorofa, na kanisa huongeza ukumbi. Anayejenga aghalabu si kampuni kubwa yenye mhandisi na bima. Ni mwenye ploti, fundi wake mmoja au wawili, na vibarua wanaoitwa watu wa mkono, ambao huajiriwa asubuhi na kulipwa jioni. Nguzo za kushikilia mbao za slabu hukatwa kutoka kwa mikaratusi ile ile inayowasha tanuri za viwanda vya chai.

Katika kikosi hicho kidogo hukutana lugha kadhaa. Yumo Mkipsigis wa hapo hapo, yumo Mgusii aliyevuka kutoka Borabu kupitia soko la Chebilat, na huenda yumo Mluo au Mluhya aliyefuata kazi. Mpaka wa Sotik na Borabu ulishuhudia ghasia kali baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mjengo ni mojawapo ya mahali ambapo majirani hao wamerudi kushika kazi moja kwa mikono yao. Kinachowaunganisha ni Kiswahili. Kwa Kiswahili huitishwa karai, mwiko, timazi na pima maji. Kwa Kiswahili huonywa aliye chini kwamba jiwe linashuka. Mahali pengine Kiswahili kinaweza kuhesabiwa kuwa somo la mtihani, lakini juu ya ukuta wa ghorofa ya pili ni kifaa cha kuokoa maisha.

Sheria za Kenya kuhusu suala hili si haba. Tangu mwaka wa 1984 zimekuwapo kanuni mahususi za usalama katika shughuli za ujenzi. Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayomtaka mwajiri kutoa habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili kumlinda kila anayemfanyia kazi. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo inataka pawe na kamati ya usalama. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ambayo humwajibisha mwajiri kuwa na bima na ambayo huweka fidia ya ulemavu kamili wa kudumu kuwa sawa na mapato ya miezi 96. Mwaka wa 2011 iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo pamoja na kuwasajili wanakandarasi ina jukumu la kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huendesha mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu hadi ya kwanza.

Licha ya wingi huo wa sheria, majengo yameendelea kuua. Mnamo Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Nairobi liliporomoka na kuwafukia mafundi na vibarua. Tarehe 29 Aprili 2016, siku moja tu baada ya Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Kazini, jengo la ghorofa sita liliwaangukia wapangaji mtaani Huruma, na zaidi ya watu 45 wakapoteza maisha. Hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini. Aliyeanguka kutoka kwenye ngazi katika ploti ya mtu binafsi, au aliyefunikwa na udongo akichimba choo cha shimo, huandikwa tu katika daftari la hospitali.

Pengo liko wapi? Wengi husema ni rushwa, wengine husema ni uchache wa wakaguzi. Yote mawili yana uzito. Hata hivyo, kuna pengo la tatu ambalo halisemwi sana, nalo linawahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Sheria zote zilizotajwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mtu wa mkono kule Sotik akitaka kujua kama anaweza kuondoka mahali penye hatari kubwa ya papo hapo bila kuadhibiwa, itambidi atafute wa kumtafsiria. Haki hiyo anayo kisheria, ila iko katika lugha asiyoimudu, na kwa hiyo ni kama hana.

Tafsiri yenyewe, hata inapokuwapo, ina mitego. Neno usalama ni mfano mzuri. Nchini Kenya, afisa wa usalama akitajwa, wengi humwazia askari au mpelelezi. Kibarua akiambiwa kwamba afisa wa usalama anakuja kesho, huenda akahofia kitambulisho chake badala ya kufurahi kwamba ngazi zitakaguliwa. Tanzania ilichagua istilahi iliyo wazi zaidi, usalama na afya mahali pa kazi, na maneno hayo yamo katika jina la wakala wake wa serikali. Neno hatari nalo limebadilika vinywani mwa vijana, kwani kijana akisifiwa kuwa fundi hatari, maana yake ni hodari. Bango lenye neno hatari pekee, bila kueleza kwamba waya una umeme au kwamba ukingo hauna kizuizi, limesema nusu ya linalotakiwa. Ama neno jukwaa, mwanafunzi wa fasihi hulihusisha na tamthilia na mwanasiasa hulihusisha na kampeni, lakini mjenzi huliwazia lile analosimamia akipiga plasta. Mtungaji wa somo la usalama asiyezijua tofauti hizi atafundisha kwa Kiswahili sanifu na bado asieleweke.

Ukanda wa chai wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba mafunzo ya watu wa kazi yanaweza kuwafikia walipo. Mwaka wa 2007 mashamba ya Kericho ya kampuni iliyoitwa wakati huo Unilever Tea Kenya yalipata cheti cha Rainforest Alliance. Kuanzia mwaka wa 2006 KTDA na washirika wake walianza kuwafunza wakulima wadogo kwa mtindo wa shamba darasa, na baadaye viwanda vya wakulima hao navyo vikatafuta vyeti. Katika shamba darasa mkulima haitwi mjini kusikiliza mhadhara. Darasa hukaa kati ya michai, somo hutokana na kinachoonekana, na kila mmoja husema kwa lugha anayoimudu. Huko mkulima alijifunza pa kuhifadhi dawa na mavazi ya kuvaa anapozinyunyiza. Leo jani linaloondoka Sotik kwenda ng'ambo huweza kufuatwa hadi shambani kwa cheti chake, ilhali mtu aliyejenga ukuta wa nyumba ya mchumaji wa jani hilo aghalabu hana cheti chochote. Je, haiwezekani kukawa na mjengo darasa?

Jibu la swali hilo lazima liambatane na tahadhari. Cheti pekee hakitoshi. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulifichua unyanyasaji wa kijinsia katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, katika sekta ambayo kwa miaka mingi ilijivunia vyeti. Funzo ni kwamba cheti kinachompima mtu wa chini huku kikimwacha mwenye mamlaka hakigusi kiini cha hatari.

Hili ni kweli maradufu katika ujenzi. Fundi mkongwe wa Sotik, hata kama hajawahi kuketi darasani, anajua kwamba slabu haikauki kwa matakwa ya mtu. Wahandisi kwa kawaida huipima nguvu ya zege siku ya 28. Lakini mwenye ploti ana haraka: nguzo zile za mikaratusi amezikodi, mpangaji amelipa rubuni, na mvua inakaribia. Anaagiza zitolewe. Fundi anasema bado, mwenye ploti anasema toa, na kwa kuwa anayelipa ndiye anayeamua, zinatolewa. Hapo hapakuwa na upungufu wa ujuzi. Palikuwa na neno moja la Kiswahili, bado, lililokosa nguvu. Kwa hiyo mafunzo ya usalama yenye maana ni yale yanayolipa neno la fundi uzito mbele ya mwajiri, na hayo hayawezekani mwajiri asipofunzwa yale yale, kwa lugha ile ile, na kupewa cheti kinachomfunga kwa wajibu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya uhandisi, na kwamba fundi anayekijua atapata kazi mbali zaidi. Hakuna anayekataa fundi asijifunze Kiingereza. Linalokataliwa ni kumfanya alipie ujinga wa Kiingereza kwa uti wa mgongo wake. Hata Marekani kwenyewe, mnamo Aprili 2010 mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini ilitoa waraka uliosisitiza kwamba mafunzo yatolewe kwa lugha na msamiati anaouelewa mfanyakazi. Wengine watauliza mbona isiwe Kikipsigis au Ekegusii. Palipo na kikosi cha lugha moja, na iwe hivyo. Lakini onyo la ghafla lazima limfikie kila aliye mjengoni kwa pamoja, na mjengo wa Sotik kwa kawaida si wa kabila moja. Tena kuna watakaolalamikia gharama. Wanaolalamika hivyo wahesabu kwanza mapato ya miezi 96.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kufanywa. Mosi, mtihani wa usalama kwa mafundi uweze kufanywa kwa Kiswahili, na kwa mdomo panapofaa, ili asiyeandika vyema asionekane asiyejua. Kenya ilipozindua mwaka wa 2024 sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ilifungua mlango. Kiswahili ndicho ufunguo utakaowaingiza wengi. Pili, kaunti zimshurutishe kila anayeomba kibali cha kujenga kuhudhuria somo fupi la wajibu wa mwajiri. Katiba imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hivyo mahali pa kufundishia papo. Tatu, muhtasari wa sheria ya 2007, ambao sheria yenyewe inataka ubandikwe mahali pa kazi, uandikwe pia kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu aliyeshika karai.

Jambo hili la tatu haliwezi kuachiwa wanasheria peke yao. Kila mwaka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hutoa tasnifu kuhusu isimu, tafsiri na istilahi. Ni ngapi zilizokusanya msamiati wa wajenzi? Mwaka wa 2021 Tanzania iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi kubwa ya kutafsiri ikaanza. Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Bomet au Kericho ana nafasi ya kufanya jambo dogo zaidi na la haraka zaidi: kwenda mjengoni na daftari, kuuliza kila kifaa na kila hatari vinaitwaje, kulinganisha majibu ya Mkipsigis na ya Mgusii, kisha kutunga kurasa nne za somo ambazo nyapara anaweza kuzisoma kwa sauti kabla ya kazi kuanza. Kazi hiyo ni isimu jamii, ni istilahi na ni tafsiri kwa wakati mmoja, na mtahini wake wa mwisho ni mtu anayepanda ngazi.

Siku fundi wa Sotik atakaposema bado, na mwenye ploti akalitambua neno hilo kwa kuwa amelisoma katika cheti chake mwenyewe, nguzo zitakaa siku zinazotakiwa. Methali ya ajali itarudi basi mahali pake halali, yaani kwa yale ambayo binadamu hakika hangeweza kuyazuia.