Filamu za Kiume, Filamu za Kike: Hoja Dhidi ya Mgawanyo Usio na Msingi

Utangulizi

Limezoeleka dai, miongoni mwa wapenzi wa filamu za zamani na hata miongoni mwa wahakiki waliobobea, kwamba filamu hugawanyika kimaumbile katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wanaume: farasi, bunduki, safari na vita. Fungu la pili ni la wanawake: mapenzi, machozi, ndoa na malezi. Ubishi unaofuata huwa ni wa kugawa mafungu tu. Casablanca (1942) iwekwe wapi? Gone with the Wind (1939), yenye vita na mapenzi kwa pamoja, ni ya nani? Ubishi wa namna hii ukiishia barazani hauna madhara makubwa. Madhara huanza pale unapoingia katika darasa la fasihi na kuvishwa joho la nadharia. Hapo hugeuka kigezo cha kuamua ni kazi ipi isomwe na nani, ni mada ipi ya tasnifu apewe mwanafunzi wa kike na ipi wa kiume, na ni hadhira ipi ihesabiwe kuwa haipo.

Makala haya yanashikilia kwamba filamu haizaliwi na jinsia. Kile kinachoitwa mvuto wa filamu kwa wanaume au kwa wanawake, aghalabu ni matokeo ya nani aliyeruhusiwa kuingia ukumbini, saa ngapi, kwa fedha za nani na kwa usalama gani. Mhakiki anayeviona viti vimejaa wanaume, akahitimisha kwamba filamu ni ya kiume, amesahau kuuliza habari za mlango.

Funzo la Kariandusi

Kosa hili la kimantiki si la wahakiki wa sinema peke yao. Kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, baina ya Gilgil na ziwa la Elementeita, pana mahali pa kale paitwapo Kariandusi. Msafara wa Louis Leakey ulipagundua mwaka 1928 na kupafukua katika miaka iliyofuata. Humo zilipatikana shoka za mkono kwa wingi, nyingine zikiwa zimechongwa kutokana na jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Shoka hizo zina umri wa miaka laki kadhaa. Hakuna alama yoyote katika jiwe inayoonyesha kama mkono ulioishika shoka ulikuwa wa mwanamume au wa mwanamke. Hata hivyo, kwa muda mrefu picha zilizochorwa vitabuni zilimwonyesha mwanamume akiwinda, na mwanamke akiwa ameketi nyuma yake.

Picha hiyo ilipata hadhi ya nadharia katika kongamano la Chicago la mwaka 1966 lililomhusu binadamu kama mwindaji, ambalo kitabu chake kilitolewa mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 wanaanthropolojia wanawake, akiwamo Sally Slocum, walijibu kwamba nadharia hiyo ilikuwa imeisahau nusu ya binadamu. Kilichokuwa kikidaiwa kusomwa katika mawe kilikuwa kimetiwa humo na msomaji mwenyewe. Wahakiki wa filamu wanafanya vivyo hivyo. Wanachukua chombo ambacho kingeweza kushikwa na mkono wowote, wanakipa jinsia, kisha wanadai kwamba wameigundua jinsia hiyo ndani ya chombo.

Bidhaa na Anwani Yake

Watetezi wa mgawanyo huu watasema kwamba watengenezaji wa filamu wenyewe hulenga jinsia fulani. Ni kweli kwamba Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa na utanzu mzima ulioitwa filamu za wanawake, zikiwamo Stella Dallas (1937) na Mildred Pierce (1945). Lakini Michael Curtiz aliyeielekeza Mildred Pierce ndiye aliyeielekeza Casablanca, na ndiye aliyeshiriki kuelekeza filamu ya mishale na panga ya Robin Hood (1938). Wala Mildred Pierce haianzi kwa machozi. Inaanza kwa milio ya bastola na maiti. Anwani iliyobandikwa juu ya bidhaa ni mkakati wa biashara. Haimwambii mhakiki bidhaa hiyo ni nini, wala ni nani atakayeipokea.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni ule wa Rider Haggard. Riwaya yake ya mwaka 1885 kuhusu migodi ya Mfalme Sulemani ilitabarukiwa wavulana, wakubwa kwa wadogo, na msimulizi wake anajitapa tangu mwanzo kwamba simulizi lake halina mambo ya wanawake. Kama kuna kazi iliyotangaza jinsia yake yenyewe, basi ni hiyo. Nini kilifuata? Mwaka 1929 ilitolewa tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikaingia katika maktaba ya Kiswahili na kusomwa na kila aliyefundishwa kusoma. Mwaka 1950 ikatengenezwa filamu, sehemu kubwa ikipigwa Afrika Mashariki, na studio ikambandika humo mwanamke Mwingereza, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anayemtafuta mumewe. Katika riwaya anayetafutwa ni ndugu, na anayemtafuta ni mwanamume. Hadithi ile ile ilibadilishwa jinsia kwa sababu tiketi zilihitaji kuuzwa kwa watu wa aina zote. Je, ni ipi basi jinsia yake ya kimaumbile?

Mogambo (1953) ya John Ford inathibitisha jambo hilo hilo. Mwelekezi anasifika kwa filamu za farasi na bunduki. Mandhari ni ya Afrika Mashariki, na mhusika mkuu, Clark Gable, ni mkamata wanyama. Lakini ukiondoa sokwe na mitumbwi, kinachobaki ni kisa cha wanawake wawili na mwanamume mmoja, na walioteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa uigizaji ni Ava Gardner na Grace Kelly. Anayeiita filamu hiyo ya kiume anawahesabu wanyama. Anayeiita ya kike anawahesabu wapenzi. Wote wawili wanahesabu vitu vilivyomo kwenye picha, na hakuna hata mmoja anayewahesabu watu waliomo ukumbini.

Nadharia na Mipaka Yake

Itasemwa pia kwamba swali hili lilikwisha kujibiwa na Laura Mulvey katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1975, aliyodai humo kwamba kamera ya Hollywood humweka mtazamaji katika nafasi ya mwanamume na kumfanya mwanamke kuwa kitu cha kutazamwa. Mchango huo ni mkubwa na haufai kubezwa. Lakini Mulvey alieleza jinsi filamu inavyomjengea mtazamaji nafasi; hakueleza kwamba kila mtazamaji huikalia nafasi hiyo. Yeye mwenyewe alilirudia suala la mtazamaji wa kike mwaka 1981, na bell hooks, mwaka 1992, aliandika juu ya wanawake weusi wa Marekani waliotazama filamu za wazungu kwa jicho la upinzani, wakikataa nafasi zote mbili walizopewa.

Jicho la namna hiyo haliwezi kukosa kuwapo katika Bonde la Ufa. Chukua Out of Africa (1985), ambayo wengi wameibandika jina la filamu ya kike kwa sababu msimulizi wake ni mwanamke na kisa chake ni cha mapenzi. Inapotazamwa Gilgil au Elementeita, katika nchi iliyotengwa kwa walowezi na kuitwa ya wazungu, karibu na shamba la Soysambu la ukoo wa Delamere, swali la kwanza si kama Karen Blixen atampata mpenzi wake. Swali ni ardhi ile ilikuwa ya nani. Mjukuu wa skwota, awe wa kike au wa kiume, analo swali hilo. Nadharia inayomgawa mtazamaji kwa jinsia peke yake haimwoni mtu huyu hata kidogo.

Historia inatoa onyo kali zaidi. William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika, kwa jinsi alivyo, hawezi kufuata filamu ya kasi; atengenezewe filamu za polepole, zisizo na hila za kamera. Wakati huo huo Waafrika wa mijini walikuwa wakiwashangilia Charlie Chaplin na wapanda farasi wa Marekani. Dai la Sellers halikuwa uchunguzi wa hadhira. Lilikuwa sababu ya kuinyima hadhira filamu fulani. Mhakiki anayesema kwamba mwanamke, kwa jinsi alivyo, hupendelea filamu za machozi, anatumia mantiki ile ile. Amebadilisha jina la anayenyimwa tu.

Ushahidi wa Mlango

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umo katika pwani ya Waswahili. Katika majumba ya sinema ya Unguja na Mombasa kulikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, na Mombasa yalijulikana kwa jina la zanana. Wanawake waliyajaza. Filamu walizotazama hazikuwa tofauti na zile zilizotazamwa na wanaume katika maonyesho mengine. Awara (1951) ya Raj Kapoor ilipendwa Unguja na wanawake na wanaume, kama alivyoonyesha Laura Fair katika utafiti wake kuhusu watazamaji wa Tanzania, uliotolewa kitabu mwaka 2018. Kilichobadilika kati ya onyesho moja na jingine ni mlango: saa iliyofaa, na heshima iliyolindwa. Mlango ulipofunguliwa, hadhira iliyodhaniwa haipo ilionekana papo hapo. Nao utafiti wa Minou Fuglesang (1994) ulieleza jinsi wasichana wa Lamu walivyotazama filamu za Kihindi kwa video majumbani. Mlango wa nyumba nao ni mlango.

Na filamu hizo za Kihindi ni za jinsia gani? Katika Mother India (1957) yumo mama anayewalea wanawe peke yake. Imo pia jembe, deni la mkopeshaji, uasi wa kijana na bunduki anayoishika mama huyo mwishoni kumpiga mwanawe. Anayetaka kuiweka fungu moja itambidi aikate vipande.

Linganisha na vibanda vya video vya vituo vya biashara vilivyo kandokando ya barabara ya Nakuru. Humo wateja wengi ni vijana wa kiume, na filamu nyingi ni za mapigano. Mhakiki wa haraka atasema: tazameni, mapigano ni ya wanaume. Lakini vibanda hivyo hujaa jioni, wakati ambapo msichana ana maji, kuni na mapishi. Kiingilio hulipwa kwa shilingi ambayo kijana wa kibarua anaishika mkononi na dada yake haishiki. Na msichana anayetoka humo usiku anasengenywa ilhali kaka yake hasengenywi. Mambo hayo matatu yanatosha kukijaza kibanda wanaume hata kama kinaonyesha harusi.

Tena wataalamu wa fasihi simulizi ndio walio na udhuru mdogo kuliko wote. Wanafundisha kila mwaka kwamba ngano hubadilika kwa kadiri ya fanani na hadhira yake. Katika vibanda hivyo fanani yupo. DJ Afro, msimuliaji wa filamu anayejulikana kote nchini Kenya, huisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili na Sheng, akitia mizaha na maelezo yake mwenyewe juu ya picha. Msimuliaji wa aina hiyo hawezi kusahau ni nani aliyelipa kiingilio. Basi uanaume unaosikika kibandani, kwa sehemu kubwa, ni wa masimulizi, na masimulizi hayo yameelekezwa kwa walioruhusiwa kuingia. Inashangaza kwamba mwalimu anayelijua jambo hili kuhusu hadithi ya sungura analisahau mara anapowasha televisheni.

Pingamizi Moja

Pingamizi linalostahili jibu ni kwamba kuukana mgawanyo huu ni kuficha ukandamizaji wa wanawake. Ukweli ni kinyume chake. Anayesema kwamba wanawake hawamo kibandani kwa sababu hawapendi filamu zile ndiye anayeugeuza ukandamizaji kuwa ladha. Vilevile, jina la filamu ya wanawake hutumiwa kuwapa wanaume ruhusa ya kutosikiliza. Saikati (1992) ya Anne Mungai, kuhusu msichana anayeikimbia ndoa aliyopangiwa, ni filamu inayowahusu wale wanaopanga ndoa hizo. Kuifungia katika fungu la kike ni kuwaondoa mashtakani washtakiwa wake wakuu.

Hitimisho

Kinachodaiwa hapa si kwamba wahakiki waache kuijadili jinsia. Waijadili mahali ilipo. Tasnifu nyingi za usawiri wa wanawake huwahesabu wahusika, kisha huruka hadi hadhira bila daraja. Tasnifu inayodai kwamba filamu au riwaya fulani ni ya jinsia fulani na ionyeshe kwanza ilionyeshwa au ilisomwa wapi na saa ngapi, kiingilio kilitoka mfuko wa nani, nani aliisimulia kwa lugha gani, na nani aliyebaki nje. Mtahini atakayekosa majibu hayo na aikatae sura hiyo ya tasnifu, hata kama imepambwa kwa manukuu ya Mulvey kutoka mwanzo hadi mwisho. Na idara zinazowapangia wasichana mada za mapenzi na wavulana mada za riwaya za upelelezi ziache kufanya hivyo muhula ujao, kwa sababu huo nao ni mlango, na wanaoushikilia ni walimu wenyewe.