Kutoa ni moyo, si kulazimishwa

Mwisho wa mwezi ukifika, wengi wetu tulioko ughaibuni hukabiliwa na swali lile lile: mshahara uende wapi? Kuna kodi ya nyumba, kuna mkopo wa gari, na kuna simu za kutoka nyumbani. Wapo wanaosema kuwa anayetuma fedha kila mwezi anajitesa bure, na kwamba raha ni kujinunulia vyako. Sisi hatukubaliani nao.

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton. Huko Kanada, wanafunzi 46 walipewa asubuhi bahasha zenye dola 5 au dola 20. Baadhi yao waliambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, kabla ya saa 11 jioni. Jioni hiyo, waliowatendea wengine walikuwa na furaha zaidi. Kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Mwaka 2013 Aknin na wenzake walionyesha kuwa hali ni hiyo hiyo kwa watu wa Kanada na wa Uganda.

Lakini lipo sharti. Utafiti wa Netta Weinstein na Richard Ryan wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa msaada humfurahisha mtoaji pale anapotoa kwa hiari yake. Hapo ndipo penye tatizo letu. Dola 50 za ada ya mpwa wako, ukaletewa na ripoti yake ya muhula, zina utamu kuliko dola 300 za kiwanja ambacho hati yake hujawahi kuiona.

Ndugu zetu mlioko nyumbani, msimgeuze mtu benki. Mpigieni simu hata siku ambayo hamna shida, mwelezeni ukweli wa mapato yenu, na fedha ikifika mwonyesheni ilikofanya kazi.

Nasi tulioko huku tupange mapema kiasi tunachokimudu, tuchague jambo moja na kulifuatilia mpaka mwisho. Kukopa ili utume, au kukopa ili ukatambe nyumbani kwa gari la kukodi mwezi wa Desemba, ni kununua majuto. Penye uwezo tutoe kwa moyo mkunjufu. Pasipo uwezo tuseme kweli, bila kuzima simu.