Umemwacha kwa ujumbe wa simu, halafu?



Ndugu zangu katika imani, wiki hii dada mmoja wa Bunda kanitumia picha ya ujumbe alioandikiwa na mumewe. Maneno matano tu: "Nimekuacha. Kwenu unapajua. Watoto nitawafuata." Mume yuko Musoma, na tayari anatafuta mteja wa nyumba waliyokuwa wakiishi. Dada anauliza, "Sheikh, mimi nimeachika au sijaachika?"

Najibu hapa hapa ukurasani, maana swali hili si la Bunda peke yake. Linatoka Nyasho, linatoka Butiama, na safari nyingine muulizaji ni mwanamume.

Kwa upande wa dini, wanachuoni wetu wa Kishafi wanasema talaka ya maandishi hutegemea nia ya aliyeandika. Basi mume ataulizwa. Akisema alikusudia, imepita talaka moja, na ni talaka rejea. Idda inaanza kuhesabiwa: twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na mjamzito mpaka ajifungue. Muda wote huo matunzo ni juu ya mume, na mume ana nafasi ya kumrejea bila ndoa mpya.

Sasa soma tena ule ujumbe. "Kwenu unapajua." Ndugu yangu, hapo ndipo ulipomkosea Mola wako waziwazi. Suratut-Talaq, mwanzoni kabisa, inakataza kuwatoa wanawake katika nyumba zao ndani ya idda, na inaamrisha mashahidi wawili waadilifu. Wanaume wengi tumeshika neno moja tu la sura ile, neno la kuacha, na yaliyobaki tumewaachia watoto wa madrasa wayahifadhi.

Na kabla ya talaka yenyewe, Suratun-Nisaa aya ya 35 imeweka wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Walikaa wapi hao? Hawakukaa.

Tuje kwenye sheria ya nchi, na hapa naomba utulie, kwa sababu hata sisi maimamu tunawapoteza watu. Tanzania Bara ndoa zote, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya kiserikali, ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. (Aliyeitia saini ni mzee wetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere.) Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya kisheria. Huku kwetu karatasi ya talaka unayoandikiwa msikitini ni ushahidi, lakini haivunji ndoa mbele ya serikali. Inayovunja ni mahakama, na kesi unaweza kuianzia Mahakama ya Mwanzo.

Sheria ile haikuipuuza talaka yetu. Kifungu cha 107(3) kinasema wanandoa waliooana Kiislamu wakienda kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, baraza likathibitisha kwa maandishi kuwa limeshindwa, na baada ya hapo likafanyika jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatoa amri ya talaka. Angalia mpangilio huo: baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwisho. Sisi tunaanza na talaka, na baraza tunalikumbuka mali zikianza kugombewa. Mimi naona mpangilio wa sheria hapa uko karibu na aya ya 35 kuliko mazoea yetu. Atakayeniona nimeegemea serikali na aifungue aya aisome.

Mume akiitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika, au amekutelekeza na hujulikani aliko, sheria inamruhusu mke kwenda mahakamani bila kile cheti. Usikae miaka kumi unamsubiri.

Kuna jambo la ng'ombe, na hili ni letu watu wa Mara. Baba anapokea ng'ombe, kaka anaoa kwa ng'ombe hao hao, kisha dada akipigwa kila siku anaambiwa avumilie, kwani ng'ombe watarudishwa na nini? Mwislamu hana kisingizio hapo. Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Mume akiacha kwa hiari yake baada ya kuingiliana, hadai hata kwato. Kurudisha kuna mahali pake, nako ni khului, pale mke mwenyewe anapoomba kutoka. Na aliyeachwa anapewa kiliwazo.

Mali nako kuna ubishi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wapo masheikh wasioikubali hoja hiyo, na hoja zao nazijua. Lakini mke aliyeanika dagaa pale Mwigobero, pesa zake zikanunua mabati, huyo hatuhitaji hata kubishana. Ni mali yake, na kuila ni dhulma kwa madhehebu yoyote.

Watoto nao, mahakama hutazama maslahi yao kwanza, na aliye chini ya miaka saba hudhaniwa ni bora akae na mama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa Kishafi ni karibu na hapo hapo. Matunzo yao hayamtoki baba.

Dada yangu wa Bunda, kwa dini subiri jibu la nia yake, na anza kuhesabu siku tangu siku ya ujumbe ule. Kwa sheria wewe bado ni mke, na kifungu cha 59 kinamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako. Jumatatu nenda barazani na cheti chako cha ndoa na picha ya ujumbe, kisha uliza ofisi ya ardhi namna ya kuweka zuio.

Na wewe mume, najua unausoma ukurasa huu. Mteja wa nyumba mwambie asubiri. Baada ya Alasiri mimi niko msikitini, njoo na mzee mmoja wa kwenu.

Wallaahu aalam.