Ng'ombe Amenona, Lakini Askari wa Damu Yake Wako Wapi?

Sisi tumezoea kumpima ng'ombe kwa macho. Akinona twasema mzima. Akikonda twamwita Bwana Mifugo. Hata chuo cha ualimu tulimchora ubaoni tukaandika pembe, ngozi na maziwa, wala hakuna aliyechora figo. Nami leo nataka kusema habari ya figo, maana humo ndimo hujificha sumu moja isiyoonekana kwa macho wala kwa mizani ya mnadani, nayo ni madini yaitwayo kadmiamu.

Kadmiamu hukaa pamoja na zinki katika mwamba mmoja. Friedrich Stromeyer alipoigundua huko Ujerumani mwaka 1817, aliikuta imejificha ndani ya dawa iliyotengenezwa kwa zinki. Basi zinki inapochimbwa na kuyeyushwa, kadmiamu huweza kutoka na moshi na vumbi ikatua juu ya majani. Ng'ombe ala majani, kuku adonoa mchanga. Mwili wa mnyama hauna kazi nayo hata moja, lakini kuitoa ni kazi ngumu, basi huirundika katika ini na figo mwaka baada ya mwaka.

Kila mnyama ana askari katika damu, ndizo chembe nyeupe. Wako wanaommeza adui mzimamzima, na wako wanaotengeneza silaha ziitwazo kingamwili. Askari hawa hawakui vema bila zinki. Kadmiamu yafanana na zinki, kwa hiyo huweza kukalia kiti chake bila kufanya kazi yake. Sisi tuliotawaliwa na wageni twajua maana ya mtu kukalia kiti kisicho chake! Katika majaribio ya panya imeonekana ile tezi ya kifuani, ambamo askari vijana hufunzwa, ikisinyaa. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Loren Koller, na wenzake walitoa habari ya panya walionyweshwa maji yenye kadmiamu: chembe zao zitengenezazo kingamwili zilipungua. Sitaficha kwamba majaribio hayalingani yote. Kipimo kikibadilika, au sumu ikipitia mapafuni badala ya tumboni, matokeo nayo hubadilika, na mara nyingine askari huchochewa badala ya kulegezwa. Lakini askari anayefyatua ovyo naye si mlinzi.

Haya si mambo ya panya wa maabara tu. Reli yetu ya TAZARA yaishia New Kapiri Mposhi, nchini Zambia, na kusini ya hapo upo mji wa Kabwe, ambao wakoloni waliuita Broken Hill. Walianza kuchimba risasi na zinki huko mwanzoni mwa karne iliyopita. Hata lile fuvu mashuhuri la mtu wa kale lililofukuliwa mgodini mwaka 1921 walilipeleka London. Vumbi hawakulipeleka. Mgodi ulifungwa mwaka 1994, na tuseme kweli, miaka 30 ya mwisho ilikuwa ya Zambia huru. Lawama si ya mgeni peke yake.

Mwaka 2011 wataalamu wa Zambia na Japani walitangaza kwamba maini na figo za ng'ombe wa karibu na mgodi ule zilikuwa na risasi na kadmiamu nyingi kuliko za ng'ombe wa miji mingine. Baadaye ikachunguzwa kinga ya ng'ombe wa huko, lakini kwa upande wa risasi. Kadmiamu nayo yafaa ifuatwe vivyo hivyo, maana mwenye ng'ombe hali sumu moja moja.

Wako wasemao, "Kama ng'ombe hafi, kelele za nini?" Nawajibu hivi. Mwaka huo huo wa 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani, nayo ilishindwa kwa chanjo. Lakini chanjo ni barua tu. Askari wa damu ndio waisomao. Mfugaji aliyelipia chanjo ya mdondo kisha kuku wake wakafa, huambiwa dawa ilikuwa mbovu au yeye ni mzembe. Nani amepata kupima askari wa kuku wale?

Kwa hiyo nataka haya yadaiwe katika kila wilaya yenye mgodi wa zinki au kiwanda cha kuyeyusha madini hayo, hapa petu na kwa jirani. Machinjioni zichukuliwe chembe za ini na figo za ng'ombe wazee zikapimwe. Baada ya chanjo itolewe damu ya mifugo michache ionekane kama imeitikia. Mwenye mnyama asomewe majibu kwa lugha anayoielewa, yasifungiwe kabatini. Na gharama asitozwe mfugaji, bali alipe yule aliyeuza zinki.