Mtoto wa Chekechea Anaidai Kaunti Yake Msitu

Tunda la mukinduri huwa na mbegu tatu. Asubuhi moja ndani ya Msitu wa Karura, jijini Nairobi, tulimwona mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiligundua jambo hilo mwenyewe. Alichuchumaa kando ya gogo lililooza, akaliweka tunda kavu juu ya jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine. Likamponyoka. Akalifuata kwenye majani, akalirudisha, akagonga tena hadi likapasuka. Mbegu moja akajiwekea, moja akampa mwenzake, na ya tatu akabaki ameishika akiitazama kama mtu aliyeletewa mgeni bila taarifa. Kisha akaondoka kwenda kutafuta mtoto wa tatu. Mwalimu wao, aliyesimama hatua chache kutoka hapo, alifungua kinywa mara moja tu: mbegu hizi hazitiwi mdomoni.

Hilo lilikuwa somo la hesabu, na lilikuwa somo zito. Kwenye daftari, mtoto wa miaka minne hupewa maembe matatu yaliyochorwa, apake rangi, aandike 3. Maembe hayo hayana uzito, hayaponyoki, wala hayamlazimishi kuamua nani apewe na nani akose. Tunaandika haya kwa sababu tukio tuliloliona Karura ni nadra, na unadra huo una wenye kuulizwa.

Wa kwanza ni serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Jedwali hilohilo liliikabidhi kaunti bustani na viwanja vya burudani, pamoja na utekelezaji wa sera za kitaifa za uhifadhi, misitu ikiwamo. Mtoto na mti viko chini ya gavana mmoja. Hata hivyo waziri wa kaunti anayesimamia elimu na mwenzake wa mazingira huishi kama majirani wasiosalimiana: huyu hujenga madarasa na kuyazindua kwa utepe, yule hupanda miche na kupigwa picha, na mtoto hapati njia ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Hapa hakuna sheria mpya inayongojewa. Mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio 2017 una shughuli za mazingira tangu PP1. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo waziwazi katika kifungu cha 31 kuwa ni haki. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku. Afisa anayesema anasubiri mwongozo na aseme ni upi bado haujamfikia.

Wenye shule za binafsi nao wasijifiche nyuma ya kaunti. Tunazijua chekechea za mitaani zilizo chini ya ghorofa za kupanga, uwanja wake ni sakafu ya saruji iliyobanwa kati ya tangi la maji na ngazi, bembea moja, na ukutani twiga aliyechorwa akitabasamu. Mwenye shule atakuambia nafasi hana. Kweli, hana. Lakini basi analo, na kila muhula hulitumia kwenda kwenye mashindano na sherehe za kufuzu, ambapo watoto wa miaka mitano huvikwa majoho. Basi hilo linaijua barabara.

Kuna pia mzazi, ambaye si rahisi kumgusa kwa sababu ndiye anayelipa karo. Huyu hupekua daftari jioni, akikuta kurasa hazikujaa huuliza pesa zake zimekwenda wapi. Akiona tope kwenye sare hupiga simu. Tunamheshimu kwa kujinyima kwake, ila tunamwambia kwamba anakosea. Aliyecheza kalongolongo nyuma ya nyumba, akapika ugali wa udongo kwenye mkebe na kuugawa kwa wageni wasioonekana, alikuwa akijifunza kupima, kupanga, kubembeleza na kungoja zamu. Wazazi wengi wanaopiga simu leo walilelewa hivyohivyo.

Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel jijini Oslo, Desemba 2004, angeweza kuzungumzia mapambano peke yake. Sehemu ya Karura hii tunayoisema ilikuwa imegawiwa wajenzi, na tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa na wahuni walipokwenda kupanda mti langoni. Lakini hotuba yake aliimalizia kijitoni, karibu na kwao Nyeri, akiwa mtoto aliyetumwa maji na mama yake. Alieleza jinsi alivyojaribu kuokota mayai ya chura majini akidhani ni shanga, yakawa yanakatika kila alipoyagusa, na jinsi baadaye alivyowaona viluwiluwi wakijaa mahali palepale. Hakuna mwalimu aliyempa zoezi hilo. Na maji ya kijito hicho aliyanywa.

Mtoto wa Nairobi leo hawezi kuyanywa maji ya mto wowote unaopita jijini, wala mwalimu mwenye akili hatamruhusu achezee humo. Hilo ni deni jingine, na tutalirudia siku yake. Kwa sasa tunalitaja kwa sababu wapo wanaolitumia kama kisingizio: msitu ni hatari, kuna siafu, kuna nyoka, mtoto ataanguka. Ndiyo, ataanguka. Magoti ya miaka minne yaliumbwa kwa kazi hiyo. Hatari za kweli zina dawa inayojulikana: mwalimu aipite njia nzima siku moja kabla, achague eneo lenye mipaka ambayo mtoto anaweza kuionyesha kwa kidole, awe na wasaidizi wa kutosha, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya majina inayohesabiwa kuingia na kutoka. Asiyeweza kufanya hayo asiwatoe watoto. Ila asiyetaka kuyafanya asituambie kwamba anawalinda.

Na kuhusu uchafu, Wafini walilifanyia jaribio. Walichukua udongo na mimea ya sakafu ya msitu wakaitandika kwenye nyua za vituo vya kulelea watoto, watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakacheza humo siku 28. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba vijidudu vya ngozini mwao viliongezeka aina, na vipimo vya damu vikaonyesha kinga ya mwili inayojidhibiti vyema zaidi. Na faida ya kukaa nje haiishii kwenye kinga: huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule hawakupatwa na tatizo la kutoona mbali kwa wingi kama wenzao, baada ya miaka mitatu. Wafini walilazimika kuubeba msitu hadi uani. Karura, yenye zaidi ya hekta 1,000, iko palepale, na kutoka mitaa kadhaa ya jiji unaifikia kabla chai ya chupa haijapoa.

Si kila kaunti ina Karura. Kakamega ina msitu wake, Kilifi ina Arabuko-Sokoke, Nyeri imezungukwa na misitu. Wajir haina, lakini ina migunga, na kivuli cha mgunga mmoja chenye mchanga, maganda makavu na mchwa kinatosha kwa watoto ishirini asubuhi nzima. Tusichokubali ni kaunti yenye miti kuwafungia watoto wake kwenye mabati kwa kuwa hakuna aliyeandika barua kwa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) kuomba siku moja kwa wiki na msamaha wa ada ya kuingia. Huduma ya Misitu nayo, barua hiyo ikifika, isiiweke chini ya rundo.

Mwalimu tumemwacha hadi mwisho kwa sababu ndiye anayelaumiwa kwanza kila mahali. Wengi wa walimu wa chekechea wa kaunti wamefanya kazi kwa kandarasi na kwa malipo madogo. Hatutamwongezea mzigo wa kununua filimbi kwa pesa zake.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwenye mabunge yake kufikia tarehe 30 Aprili. Tutayapitia, fungu kwa fungu, katika idara ya elimu na ya mazingira pia. Tutakuwa tukitafuta vitu vinne: nauli ya basi, mshahara wa msaidizi, sanduku la huduma ya kwanza, na mabuti ya mpira ya saizi ndogo. Kaunti ambazo hazikuviweka tutazitaja kwa majina.