Ukinipa bure, niache nichague

KIBARAZANI
Na Mwalimu Wairimu Gathogo

Mwaka jana nilimpa friji mama anayeniuzia mboga. Ilikuwa imesimama stoo, hapa kwangu Makongeni, miaka minne mizima. Siku niliponunua mpya niliifunika kwa shuka, nikajiambia itapata kazi. Kazi haikupatikana. Stoo ilipojaa, nikakumbuka kwamba mama yule anaishi Gatuanyaga na hana friji.

Alinishukuru kwa mikono miwili. Akamlipa mwenye pikapu Sh1,500 aifikishe kwake, mwendo wa kutoka Thika kwa barabara ya Garissa kisha vumbi hadi mlangoni. Akamlipa fundi Sh500 nyingine, naye akaipigapiga mgongoni na kumwambia kompresa ilikufa zamani.

Haya yote hakuniambia wakati ule. Niliyajua mwezi wa Agosti nilipokwenda kumpa pole ya msiba. Friji iko sebuleni, mlango umefungwa kwa mpira wa tairi. Ndani mna unga, maharagwe na sare za watoto za shule, zimekunjwa vizuri. Waya wake haupo, mwanawe aliuuza kwa wale wanaopita wakiita “chuma mzee!” Nilipobaki nimeikodolea macho, ndipo mambo ya pikapu na fundi yalipomtoka, kidogokidogo.

“Inanisaidia sana, mwalimu,” akasema. “Panya hawaingii.”

Hakuwa akinikejeli, na hilo ndilo lililonikata maini.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka thelathini, na kila mwaka tulimjadili anayetoa: moyo wake, nia yake, thawabu yake. Sikumbuki siku hata moja tulipouliza habari za anayepokea.

Tazama mitumba. Shati unalolichambua pale sokoni, mara nyingi lilitolewa bure na mtu wa ng'ambo aliyetaka nafasi kabatini. Likauzwa kwa kilo, likafungwa, likavuka bahari, na mtumba ulipofunguliwa likapata bei. Nasi tunalinunua bila haya. Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa mitumba mwezi Machi 2020, kwa kuhofia korona, tulilalamika hadi marufuku hiyo ikaondolewa Agosti. Lakini jirani akikuletea shati la mumewe, safi, lenye vifungo vyote, unaona amekudharau. Mbona sadaka ya mtu usiyemjua inavalika, na ya jirani inachoma ngozi?

Zamani nilidhani ni kiburi tu. Siku hizi naona mwenye duka la mitumba anakupa kitu ambacho mimi sikumpa yule mama. Anakuacha uchague. Unavuta zipu, unainua shati juani kutafuta tundu, unanusa kwapa. Mwenye pesa anawahi asubuhi kuchukua “kamera”, zile nguo bora za kwanza, asiye nazo anangoja “fagia”, mabaki ya jioni, na wote wawili wana ruhusa ya kusema “hii sitaki” na kwenda zao. Mama mboga angeniambiaje mimi hataki? Nimemfundisha mwanawe. Nanunua sukuma kwake kila jioni. Friji ile ilikuwa imeshapokewa kabla hajaiona.

Neno “bure” lenyewe tumelichafua. Kila msimu wa kampeni linakuja na pakiti ya unga, leso yenye sura ya mtu na kamera ya simu, na mpokeaji anatakiwa atabasamu. Si ajabu watu wamejifunza kuogopa kitu kisicho na bei.

Sisi watoaji nasi tuna hila zetu. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 niliwekwa kwenye meza ya kupokea misaada kanisani. Nguo nzuri zililetwa, blanketi pia. Lakini nilihesabu vile vile viatu saba vya mguu mmoja, na pasi isiyo na waya. Aliyeileta pasi ile alikwenda nyumbani akijiona Msamaria Mwema. Taka za Thika huishia jaa la Kang'oki. Yeye alikuwa ameigeuza meza yangu kuwa kituo cha njiani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inatutaka tutenganishe taka nyumbani, zinazooza na zisizooza. Kutenganisha zawadi na taka hakuna sheria itakayotufanyia.

Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumepitiliza: msala mpya tumeupata, tunauswalia kila siku, na mbacha bado tumeukalia mpaka uliwe na mchwa, ndipo tumwite jirani. Friji yangu ingetolewa mwaka ule nilionunua mpya, ingekuwa inagandisha maziwa Gatuanyaga hivi sasa. Kwa hiyo toa kitu kingali hai. Kiwashe mbele ya mchukuaji. Taja ubovu wake kabla hajatafuta pikapu, maana mwenye kupewa bure ndiye hulipa usafiri. Kisha umwachie nafasi ya kukataa bila kukosana nawe.

Jumamosi iliyopita nilijaribu. Nilitandika mkeka mbele ya lango la ploti, nikapanga sufuria tatu, beseni la kuogeshea mtoto, redio inayoimba, viti viwili na mapazia. Nikamwomba keyateka awaambie wapangaji wachukue wapendacho, kisha nikaingia ndani nisimtazame mtu usoni. Beseni liliondoka kabla chai yangu haijapoa.

Mama mboga alipita saa tano. Nilimchungulia dirishani. Aligonga sufuria kwa kidole, akaisikiliza, akaiweka kando yake. Akashika kiti, akakipindua miguu juu, akatikisa mguu mmoja mmoja. Akaniita.

“Mwalimu, hiki kimelegea. Sikitaki.”

Miaka yote ya kununua mboga kwake, sijawahi kumsikia akiniambia neno hilo. Nilitoka nje nikakichukua kiti changu.